Siku Niliyokuwa Mgonjwa Namba Sita

Kuna aibu ambayo ukiikumbuka unafumba macho na kusema "aaah" kwa sauti hata kama uko peke yako unaosha vyombo, na yangu ndiyo hii, na ninaiandika kwa sababu nimechoka kuikumbuka vipandevipande, leo kipande kesho kipande, afadhali niimalize yote kwa mkupuo nifunge daftari. Mie si mtu wa kuongea. Wanaonijua wanajua (wako wawili, na mmoja ni mdogo wangu Shabani). Darasani mwalimu akiuliza swali nainama kama vile jibu limedondoka chini ya dawati. Sasa mtu wa namna hiyo mfikirie siku ya Jumamosi, mchana kweupe, mbele ya manesi na matabibu kama thelathini, amefungwa kitenge kisicho chake, kifuani amebandikwa karatasi imeandikwa MGONJWA 6, na wote wamegeuka wanamtazama. Ndiyo mie huyo.

Nianze na mama, maana bila mama nisingefika kule.

Mama yangu ni nesi kwenye kituo cha afya huku kwetu Mbagala, yuko chanjo, anasimama tangu asubuhi mpaka mstari wa kina mama na watoto wao uishe, akirudi nyumbani anavua viatu mlangoni na kukaa kwanza dakika kumi bila kusema na mtu. Mwaka huu akachaguliwa kwenda mafunzo ya tiba ya mazungumzo. Alituelezea hivi: kila wiki kituoni kuna watu wanakuja na kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, wanapimwa, hakionekani kitu, wanapewa panadol, wanarudi tena wiki inayofuata na kichwa kilekile. Wengi wana huzuni iliyokaa mwilini. Na kuna njia ya kuwasaidia ambayo imefanyiwa utafiti ikaonekana inafaa, na nesi wa kawaida anaweza kuifanya hapohapo kituoni, ila lazima aifuate hatua kwa hatua, si kila mtu na yake ya kichwani. Mtu mwenye huzuni anaacha vitu alivyokuwa anavipenda, akiviacha huzuni inazidi, ikizidi anaacha na vingine. Unamchorea huo mduara kwenye karatasi auone kwa macho yake, halafu mnachagua pamoja kitu kimoja kidogo cha kuanza nacho wiki hiyo. Basi. Na sheria kubwa kuliko zote: usimpe ushauri. Uliza, nyamaza, sikiliza.

Sasa mwambie nesi mwenye miaka ishirini kazini asitoe ushauri. Mama yangu anatoa ushauri kwa muuza samaki, kwa konda, kwa mtu aliyepiga simu kimakosa.

Akifuzu angepewa cheti, na cheti kingempa chumba. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya vyandarua, mwisho wa korido, lakini kina dirisha, na mama alishaenda kukiangalia akarudi anasema atatundika pazia la bluu na kuweka viti viwili, viwili tu, na yeye kimoja atakalia. (Mnaona alivyolisema hilo la kukaa.) Asipofuzu anabaki kwenye chanjo, kwa miguu ile inayovimba. Kwa hiyo nyumbani kwetu mafunzo hayakuwa ya mama peke yake. Baba yupo Newala kwenye korosho zake, Shabani ana miaka saba na hawezi kukaa kimya, nani aliyebaki wa kufanyiwa mazoezi? Mie.

Kila siku baada ya kula, vyombo vikiwa bado mezani, mama alivaa miwani yake ya kusomea, akafungua daftari la mafunzo, na mie nikawa mgonjwa. Nimeshakuwa mjane. Nimeshakuwa bodaboda aliyevunjika mguu. Nimeshakuwa mwalimu mstaafu anayelia akisikia taarifa ya habari. Ajabu ni kwamba nikiwa mtu mwingine naongea vizuri tu, naongea mpaka mama anashangaa. Shida ilikuwa yeye. Nikifika tu penye uchungu, anaweka kalamu chini: "Sikiliza mwanangu, dunia ndivyo ilivyo, jikaze, amka alfajiri uswali, kunywa maji ya uvuguvugu..."

"Mama, unahubiri."

"Astaghfirullah. Tena?"

Tukakubaliana. Akianza kuhubiri nagonga kikombe kwa kijiko mara mbili, tk tk, yeye ananyamaza, anavuta pumzi, anarudi kwenye swali. Wiki ya kwanza niligonga mpaka kikombe kikabanduka rangi. Wiki ya tatu mara nne tano. Ikafika mahali mama akisikia kijiko tu anafunga mdomo katikati ya neno, hata kama ni Shabani anakoroga chai yake. Tulikuwa tunacheka. Nakumbuka tulikuwa tunacheka, sikujua nafuga nini.

Na kuna jambo jingine sikulisema, lazima liingie humu maana litatokea mbele. Ripoti yangu ya shule ilitoka kipindi hichohicho, ya kidato cha tatu, inatakiwa isainiwe na mzazi irudishwe, na mie niliiweka chini ya godoro. Hesabu nilipata alama ambazo siziandiki hata kwenye daftari hili. Si kwamba nilitaka kuificha moja kwa moja. Nilikuwa natafuta muda wa kumwambia mama. Lakini kila nikitaka kusema, nilikuwa mjane.

Basi. Jumamosi ya mtihani mama akatoka bado giza, mtihani ulikuwa Mabibo, kwenye ukumbi mmoja jirani na hosteli za wanachuo. Saa mbili naingia sebuleni kufagia, naiona miwani juu ya friji. Mama bila miwani ile hata namba ya luku ya umeme anaisoma kwa kunyoosha mkono mpaka kiwiko kinalia. Nikapiga simu, imezimwa (walikusanya simu). Ningeweza kusema atajua mwenyewe. Nikamwacha Shabani kwa jirani, nikavaa gauni langu refu na ushungi, nikaiweka miwani mfukoni nikaenda. Mtoto mwema. Huo ndio wema wenyewe ulioniponza.

Mlangoni pa ukumbi nilimkuta dada mmoja ana orodha mkononi na jasho juu ya mdomo, ndiye mratibu, mtu wa kuhakikisha kila kitu kipo mahali pake. Wagonjwa wa kuigiza walikuwa wanachuo kutoka hosteli, wameombwa waje, na mmoja alikuwa hajatokea. Dada akanitazama juu mpaka chini. Mie ni mrefu, watu hunikadiriaga miaka mingi.

"We ndo wa hosteli?"

"Mie nime..."

"Umechelewa sana mdogo wangu, wanakusubiri wewe tu! Upo tayari au haupo tayari?"

Hapa ndipo. Hapa ndipo kila kitu kilipoharibikia. Nilitakiwa kusema: hapana dada, shikamoo, mie ni mtoto wa Sista Halima, nimeleta miwani. Maneno kama kumi. Lakini watu wenye aibu watanielewa: kutikisa kichwa kukubali ni kufupi. Nikatikisa kichwa.

Kabla sijakirudisha mahali pake nimefungwa kitenge kiunoni nifanane na mama mtu mzima, nimebandikwa karatasi, nimepewa kadi: Bi Rehema, miaka arobaini na mbili, mama lishe, watoto wanne, mume ameondoka, hapati usingizi, ameacha kwenda kwenye kikundi chake cha kusuka mikeka. Nikasukumwa ndani.

Meza zilipangwa safu mbili, zimepeana migongo. Kila meza ina mtahiniwa, mgonjwa wake, na pembeni mtu mwenye karatasi ya alama. Nikakalishwa, nikageuza shingo kidogo, na nyuma yangu kabisa, mgongo kwa mgongo, nikaona ushungi wa kahawia ninaoufua mie kila Jumapili. Mama. Ameshika karatasi yake mbali na uso, mkono umenyooka, anahangaika kusoma. Miwani iko mfukoni mwangu! Ningenyoosha tu mkono. Nikaanza kunyoosha, na kengele ikalia, na dada wa mlangoni akatangaza kwamba kuanzia sasa mgonjwa haruhusiwi kusema na mtu yeyote isipokuwa mtahiniwa wake, atakayevunja sharti mtihani wa meza hiyo umefutwa. Nikarudisha mkono mapajani.

Mtahiniwa wangu alikuwa mzee mmoja tabibu wa zahanati Kigamboni, wanamwita Tabibu Selemani, kabakiza muda mfupi astaafu, shati limepigwa pasi mpaka mikono imeweka mistari. Nilimpenda palepale, na nilimwonea huruma palepale, maana alikuwa anafuta viganja kwenye suruali kama mie ninavyovifuta kwenye sketi nikiitwa ubaoni.

"Shikamoo," nikasema. (Bi Rehema wa miaka arobaini na mbili angemwamkia pia, hapo sikukosea.)

"Marahaba mama. Haya, unaumwa nini?"

"Sipati usingizi."

"Umepima malaria?"

Kijana mwenye karatasi ya alama akakuna kichwa kwa kalamu. Tabibu akaona, akaongeza jasho, akabadilisha njia.

"Watoto unao?"

"Wanne."

"Mkubwa ana miaka mingapi?"

Kadi haikusema. Nikatafuta namba yoyote kichwani, na hesabu na mie mnajua tena. "Thelathini na moja."

Tabibu Selemani akahesabu kwa vidole chini ya meza, nilimwona, akarudia tena kuhesabu. "Na wewe una arobaini na mbili."

"Ndiyo."

"Pole sana mama," akasema, kwa huzuni ya kweli kabisa, na yule kijana akaandika kitu kirefu.

Baada ya hapo akakwama. Akatazama dari. Akatazama mikono yake. Mie najua kinachofuata ni kuchora mduara, nakijua kama njia ya kwenda dukani, nimechorewa mduara huo mara ngapi sijui, nimechorewa mpaka nyuma ya bili ya maji. Nikamnong'oneza, "Mduara."

"Eh?" (Sikio lake la kulia lilikuwa na shida, nilikuja kujua baadaye.)

"Mduara."

"Mduara gani? Kuna mduara?"

Meza ya pembeni wakageuka. Tabibu akapaniki, na mtu akipaniki anarudi kwenye mazoea yake, na mazoea yake yalikuwa ni haya: "Sasa sikiliza mwanangu. Chai usiku acha. Na huyo mume mwache aende zake, Mungu atakupa mwingine mwenye heri, wewe jikaze tu..."

Mkono wangu ukagonga wenyewe. Naapa sikuutuma. Kalamu iliyokuwa mezani, sijui niliishika saa ngapi, ikagonga mara mbili: tk tk.

Nyuma yangu sauti ya mama ilikuwa inakwenda vizuri, taratibu, ile sauti yake nzuri, inasema "na ndiyo maana nimechora huu mduara, ukitazama hapa uta..." Ikakatika. Halafu nikasikia: "Samahani. Nimeanza kuhubiri."

"Hapana, endelea tu," mgonjwa wake akasema, amechanganyikiwa.

Hata hapo sikuelewa bado. Akili yangu yote ilikuwa kwa Tabibu Selemani, ambaye alitazama kalamu, akanitazama mie, na uso ukamfunguka. Mzee mwepesi kuelewa yule! Akasogea mbele.

"Nimekosea?"

Nikatikisa kichwa.

"Ushauri?"

Nikatikisa kichwa.

"Ahaa. Haya. Niambie mama, kabla ya haya yote ulikuwa unapenda kufanya nini?"

Swali zuri! Swali la kwenye daftari! Mwili mzima ulinisisimka kwa furaha, sijawahi kumfundisha mtu kitu maishani, nikamwelezea mikeka, ukili, rangi, wenzangu wa kikundi, nikaongea kama redio. Akachora mpaka mduara, umepinda kama yai lakini mduara. Halafu akasahau tena, akaingia kwenye maji ya uvuguvugu, nikagonga, tk tk, na nyuma yangu mama akasema "kwa hiyo umesema utaanza na kumwagilia bu..." akafyata ulimi, akaomba samahani. Mara ya tatu nilisikia mwenyewe jinsi alivyokatika katikati ya neno, kama mtu aliyezimiwa umeme, na ndipo nikaelewa. Kijiko. Mama anasikia kijiko.

Kiti kikaburutwa.

Aliyekuwa na karatasi ya alama kwenye meza ya mama alikuwa mkufunzi mkuu mwenyewe, Dokta Sakina, mama wa Kihindi mtu mzima, mwanasaikolojia, mzaliwa wa hapahapa Dar, Kiswahili chake cha mjini kuliko changu. Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza.

"Simamisheni kwanza, wote. Nani anagonga?"

Kalamu ikaniponyoka, ikabingirika kwenye meza, ikaanguka, ikaendelea kubingirika sakafuni. Thelathini wakaisindikiza kwa macho mpaka ilipogonga mguu wa spika, halafu wakarudisha macho kwangu.

"Sista Halima," Dokta akasema, "kila kalamu ikigonga unanyamaza. Ya kwanza nikasema imetokea tu. Hii ya tatu. Mna ishara nyie?"

"Ishara?" Mama alikuwa bado hajageuka. Sauti yake ilikuwa imechoka sana. "Dokta, mie nilidhani inagonga kichwani mwangu."

Watu wakacheka kidogo. Mama akageuka. Tukatazamana, umbali wa shubiri mbili, yeye na ushungi wake wa kahawia, mie na kitenge cha watu.

"Mwanahawa?"

"Nimekuletea miwani," nikasema, nikaitoa mfukoni.

Ukumbi ulicheka, jamani. Kuna nesi mmoja alishika meza. Hata yule kijana wangu wa alama alijifunika karatasi usoni. Dokta Sakina peke yake hakucheka, alimtazama dada wa mlangoni.

"Alisema ni wa hosteli!" dada akajitetea.

"Sikusema," nikasema. "Nilitikisa kichwa."

"Ni binti yako?" Dokta akamuuliza mama.

"Wangu. Wallahi Dokta sikujua yumo humu, nimemwacha nyumbani amelala." Na nikaona mama anaikunja karatasi yake, nikaona kabisa pazia la bluu linashuka. Kwenye nchi hii neno "mtihani" likikaa karibu na neno "ishara" hakuna anayesubiri maelezo. Vicheko viliisha kimoja kimoja. Mtu nyuma akasema, "Ee, kumbe walipanga," si kwa ubaya, kama anavyosema mtu mvua inanyesha.

Ikabidi niongee. Mie. Nilisimama (sijui kwa nini nilisimama, mazoea ya darasani), nikatazama kitenge, nikasema yote bila nukta wala mkato, kwamba ni kijiko, kwamba mama akihubiri nagonga kikombe, kwamba hapa sikumgongea yeye nilimgongea Tabibu nikasahau mama yuko nyuma, kwamba kila siku baada ya kula mama anafanya mazoezi na mie ndiye mgonjwa, nimekuwa mjane, nimekuwa bodaboda, nimekuwa mwalimu, kila siku, kila siku tangu mafunzo yaanze.

"Kila siku?" Huyo ni Tabibu Selemani. Alikuwa amenigeuzia sikio lake zima. "Sasa mjukuu wangu, wewe muda wako wa kusoma unapata saa ngapi?"

Akanyamaza. Hakuongeza jikaze, hakuongeza maji. Aliuliza akasubiri. Na mie, ambaye nimezoezwa kwa wiki nyingi kwamba nikiulizwa swali zuri na kusubiriwa nijibu ukweli, nikajibu.

"Sipati. Hesabu nimefeli. Ripoti iko chini ya godoro."

Nikaanza kulia. Kulia kule kwa sauti, kamasi, kila kitu, nikajifutia kitenge cha watu. Na hili ndilo naliona nikifumba macho: wale manesi na matabibu thelathini, wote kwa pamoja, waliinamisha vichwa kidogo pembeni na kutikisa taratibu, ule mtikiso wa "nakusikia" waliofundishwa siku ya pili, thelathini kwa mpigo, hakuna hata mmoja aliyeniletea kitambaa maana walikuwa wananisikiliza kwa hatua.

Mama peke yake hakutikisa. Alikuwa ameshika miwani mkononi, hajaivaa.

Dokta Sakina akasema meza zote mbili zimeharibika, alama hazihesabiwi, sista na tabibu watarudia mchana kwa wagonjwa wengine na kadi nyingine, na huyu binti apewe chai, atoke nje. Kwenye chai aliongeza, "na andazi."

Nilikaa kwenye ngazi mpaka saa tisa. Hakuna kitu kinachochosha kama kusubiri matokeo ya mtu mwingine uliyemharibia. Wa kwanza kutoka alikuwa Tabibu Selemani, anatembea kama kijana, ana soda mbili.

"Mjukuu, nimepita! Dokta kaniambia, Selemani, ungekuwa unauliza wagonjwa kama ulivyomuuliza yule mtoto ungemaliza asubuhi. Basi mchana huu kila mgonjwa nimemfanya ndo wewe." Akanipa soda. Halafu sauti ikashuka. "Mama yako anakuja. Usimuulize kwanza."

Mama akatoka, miwani usoni, viatu mkononi. Akakaa kwenye ngazi pembeni yangu. Zile dakika kumi zake.

"Wameniambia bado," akasema mwisho. "Nilianza vizuri. Halafu yule binti wa chuo akaanza kulia, nikamwambia ajikaze. Nikaendelea, nikaendelea mpaka maji ya uvuguvugu, Mwanahawa, na mwenyewe najisikia." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nasubiri kijiko."

Nikampa soda yangu. 

Hawakumfelisha kabisa. Walimpa mwezi: azungumze na wagonjwa wa kweli kituoni kwake, wakikubali wenyewe awarekodi, mazungumzo matatu, ampelekee Dokta Sakina asikilize na kumrekebisha. Tulipofika nyumbani Mbagala alikwenda moja kwa moja chumbani kwangu, akanyanyua godoro, akatoka na ripoti.

Aliisoma mezani, vyombo vya asubuhi vikiwa bado hapo. Aliisoma mpaka maoni ya mwalimu wa darasa: "Mtulivu mno." Akafungua mdomo, nikaliona kabisa neno linakuja, "jik...", na mama akachukua kijiko mwenyewe, akagonga kikombe chake mwenyewe. Tk tk. Akafunga mdomo. Akasubiri. Alisubiri sana, Shabani aliingia akatoka mara mbili akitafuta kiatu, mama hakugeuka.

"Naogopa kwenda ubaoni," nikasema. "Nisipokwenda mwalimu anadhani najua."

Ni hilo tu. Miezi yote hiyo, na lilikuwa sentensi mbili. Mama akasaini ripoti. Jumatatu yake tukapanga kitu kimoja kidogo, kama kwenye mduara: nimfuate mwalimu wa hesabu baada ya kipindi, peke yake, bila ubao. Nilimfuata wiki iliyofuata. Ile ya kwanza nilifika mlangoni nikarudi.

Mazungumzo matatu ya mama Dokta Sakina aliyasikiliza yote. Kwenye la kwanza akapiga simu, nikamsikia mwenyewe kwenye spika: "Sista Halima, kuna kitu kinagonga humu ndani. Usiniambie umemleta binti."

"Hapana Dokta," mama akasema. "Ni mimi mwenyewe. Nagonga meza."

"Aa. Basi endelea kugonga."

Cheti kimekuja, kiko juu ya friji kwenye bahasha, hakijapata fremu. Chumba bado kina vyandarua, wanasema vitahamishwa, kila wiki vitahamishwa. Mama anawasikiliza watu wake kwenye benchi la korido, chanjo ikiisha, mmoja au wawili kwa siku, wengi wanaanza kwa kudai sindano, na akirudi anavua viatu mlangoni kama zamani. Miguu inavimba vilevile. Ila baada ya kula hanifanyi mjane tena. Ananiuliza "leo ilikuwaje," naijibu au siijibu, kuna siku tunakaa tu wote tumechoka na kijiko kipo katikati hakuna anayekigusa.

Na mie nimeweka nadhiri, naiandika hapa chini kwa kalamu ya wino: miwani ya mtu nitaipeleka, lakini nitampa mlangoni, kwa mdomo, na mtu akiniuliza kama nipo tayari, kichwa hiki sikitikisi. Juzi dada mmoja dukani kaniuliza, "Ulikuwa unapanga foleni wewe?" Nikasimama pale, masikio ya moto, nikakishikilia kichwa kisiende popote, nikasema, "Hapana dada, mie nasubiri chenji." Maneno matano. Nilirudi nyumbani nimechoka kama nimebeba maji.